Msiba Usio na Matanga

Mwanamume akifariki hapa Gisenyi, mji wa Rwanda ulio mpakani, hakuna anayehitaji kufundishwa la kufanya. Jua halijazama viti vya majirani vimeshafika uani, moto umewashwa, na kijana ametumwa sokoni kununua maharage na mkaa. Wanawake wanalala chumbani na mjane, wanaume wanakesha nje. Waislamu wa mjini wana utaratibu wao, Wakatoliki wa Nyundo wana wao, Waadventista wana wao, ila wote wanakaa. Baada ya siku kadhaa matanga yanaanuliwa, mzee mmoja anasimama kueleza madeni ya marehemu na watoto aliowaacha, na tangu siku hiyo mtaa mzima unajua kwamba mama huyu amefiwa, na kwamba kumuuliza "umeamkaje, watoto wamekula nini?" ni wajibu wala si umbea.

Mwanamume akiondoka kwa miguu yake mwenyewe, hakuna kiti kinacholetwa. Pole inakwama kooni, kwa sababu kumpa mtu pole ni kukiri kwamba kapoteza kitu, na wengi wetu tumeshaamua kwamba binti huyo hajapoteza chochote: amejitakia. Anabaki na mtoto mgongoni, na minong'ono nyuma ya mtoto.

Nimelitafakari jambo hili kwa muda mrefu, maana nimezaliwa katika ukoo wa wanawake waliolea peke yao: bibi yangu mzaa mama, kisha mama, na sasa binti wa dada yangu. Tukikaa pamoja, watu hupenda kubishana nani kati yao aliteseka zaidi. Ubishi huo haunisaidii. Ninachotaka kujua ni nani kati yao alipata watu wa kulia naye.

Bibi alifiwa na mume miaka michache baada ya Uhuru wa 1962, mtoto wake wa mwisho bado yuko titini. Alikuwa akiishi kwenye vilima vya Kanama, ambako viazi na maharage hupandwa hadi ukingoni mwa njia. Kwa mila, watoto walikuwa wa ukoo wa mumewe, na shamba vilevile. Aliruhusiwa kubaki kwa sababu alikuwa amezaa wavulana, na kwa sababu shemeji yake alimchukua, desturi ambayo Wanyarwanda huiita guhungura. Hakuulizwa. Aliponisimulia habari hiyo alikuwa anachambua maharage, na alipofika hapo alinyamaza, akachomoa kijiwe katikati ya ungo, akakitupa nje ya mlango, kisha akaendelea na jambo jingine.

Siwezi kuipamba enzi ile. Mwanamke alipita kutoka mkono wa baba hadi mkono wa mume, na mume akifa, hadi mkono wa shemeji. Hata hivyo kulikuwa na mkono. Jembe lake lilipovunjika lilitengenezwa. Mtoto wake alipougua usiku, kulikuwa na mlango wa pili wa kubisha katika boma lilelile. Na hata binti aliyerudishwa kwao na mumewe alikuwa na kipande cha shamba ambacho baba au kaka zake walipaswa kumkatia ili asife njaa. Kipande hicho kilikuwa kidogo na cha kuazima, lakini kilikuwepo, na kila mtu kilimani alijua ni cha nani.

Aliyekuwa hana hata hicho ni msichana aliyebeba mimba kabla ya kuolewa. Huyo alihesabiwa kuwa balaa. Watu waliogopa kwamba damu yake ya uzazi ingeleta ukame na maradhi, wakamfukuza asije akajifungulia nyumbani. Ng'ambo ya milima ya volkano, upande wa Uganda, kipo kisiwa kidogo katika ziwa Bunyonyi kiitwacho Akampene. Wakiga walikuwa wakiwapeleka huko mabinti wa namna hiyo na kuwaacha, wafe kwa njaa au wazame wakijaribu kuogelea. Mwanamume fukara asiye na ng'ombe wa mahari angeweza kupiga kasia hadi pale na kujichukulia mke bila kulipa. Siku hizi watalii hupelekwa kwa mitumbwi kukipiga picha.

Kila nikikifikiria kile kisiwa, akili yangu hukimbilia ufukweni. Binti yule alikuwa na mama. Mama huyo alirudi nyumbani jioni ile, akapika, na hakuruhusiwa kulia kwa sauti, kwa sababu aliyepelekwa kisiwani hakuwa maiti wa kuliliwa. Kwa hiyo msiba usio na matanga haukuanza na kizazi chetu. Ulikuwepo zamani, umefichwa nyuma ya mila ambazo sasa tunazikumbuka kwa upole kuliko zinavyostahili.

Mama yangu ni wa kizazi cha 1994, na hapo sharti nikae kidogo.

Mauaji ya Kimbari dhidi ya Watutsi yalipoanza tarehe 7 Aprili, Gisenyi haikusubiri. Watutsi wa mji huu walipelekwa kwenye makaburi yaliyokuja kuitwa Commune Rouge, wakauawa na kutupwa mashimoni. Huko ndiko alikouawa, tarehe 21 Aprili, Félicité Niyitegeka, mwanamke ambaye hakuolewa wala hakuzaa, aliyekuwa akiwaficha watu katika kituo cha Saint Pierre na kuwavusha kwenda Goma, ng'ambo ya mpaka. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimwandikia ajiokoe. Alikataa kuwaacha watu wake, akafa pamoja nao, na leo yumo katika orodha ya mashujaa wa taifa, daraja la Imena. Mpaka aliowavusha watu wakati wa mauaji ndio huohuo ambao akina mama wa leo wanauvuka wakiwa na karoti vichwani.

Julai ikafika. Serikali iliyoendesha mauaji ilikuwa imekimbilia hapa Gisenyi, na iliposhindwa, mamia ya maelfu ya watu walisombwa nayo kuingia Zaire kwa siku chache tu. Mama na baba walivuka nami nikiwa mgongoni. Ardhi ya Goma ni mawe ya volkano, jembe haliingii, maji ya kunywa ni ya ziwa. Kipindupindu kikaingia. Katika mwezi mmoja hivi watu wapatao 50,000 walikufa, wengi kwa kipindupindu na kuhara damu, wakawa wanazungushiwa mikeka na kulazwa kando ya barabara. Baba alikuwa mmoja wao. Wanajeshi wa Ufaransa walichimba makaburi ya pamoja kwa mashine kubwa, na mama aliona mkeka wa baba ukipakiwa. Mkeka ulikuwa na kamba ya bluu. Hilo ndilo alilobaki nalo, ile kamba ya bluu, kwa sababu baada ya hapo mikeka ilikuwa mingi.

Tulirudi kwa miguu katikati ya Novemba 1996, kambi ya Mugunga ilipovunjika na barabara ya kuja Gisenyi ikafurika watu kwa siku kadhaa mfululizo. Kisha ikaja vita ya waasi waliojipenyeza kutoka Congo, iliyokuwa Zaire, 1997 na 1998, ambayo iliumiza mkoa wetu na wa Ruhengeri kuliko sehemu nyingine za nchi, ikaongeza wajane juu ya wajane. Katika miaka hiyo takriban theluthi moja ya kaya za Rwanda zilikuwa zikiongozwa na wanawake. Mama mwenye watoto bila mume hakuwa tena kioja. Alikuwa jirani yako wa kulia, na mara nyingi wa kushoto pia.

Mama alianza kuuza sambaza sokoni, wale dagaa walioletwa kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 wakazaliana ndani ya Kivu hadi wakawa chakula cha kila nyumba. Alikaa katika safu moja na wanawake wawili. Mmoja alikuwa mjane wa mauaji ya kimbari, mumewe alitupwa Commune Rouge, aliuza nyanya. Mwingine aliuza unga wa mtama, na mumewe alikuwa gerezani akingoja kesi, mmoja wa watu zaidi ya 120,000 waliokuwa wamefungwa nchi nzima kwa tuhuma za mauaji yale. Siku za kupeleka chakula gerezani alifunga biashara mapema, akajitwika sufuria, akapanda barabara bila kuaga mtu.

Hawakupendana, na nani angewalaumu? Yule wa nyanya alikuwa na kila sababu ya kutozitazama nyuso za wengine. Kwa muda mrefu walizungumza bei tu na mvua. Mpaka siku moja ya jua kali yule mjane akamgeukia mama, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Mumeo walimzika wapi?" Mama akamjibu, "Sijui, mama. Ilikuwa mashine." Yule mwanamke akakaa kimya, kisha akasogeza kapu lake la nyanya upande, na mama akaingia kivulini na beseni lake. Nilikuwa pale, mtoto mdogo, nikifukuza nzi kwenye dagaa. Mama anasema hayo ndiyo matanga ya baba yangu. Hakuwahi kupata mengine.

Wajane wa mauaji ya kimbari walijiunga mapema. Januari 1995, maiti hazijamalizika kuzikwa kwa heshima, wajane hamsini walianzisha AVEGA Agahozo, wakaanza kutafutana, kutibiana, kusindikizana mahakamani, kulea mayatima wa wenzao. Na taifa liliwawekea siku: kila tarehe 7 Aprili nchi husimama, majina husomwa, mifupa iliyopatikana huzikwa. Hivyo ndivyo inavyopasa, na haitoshi kamwe kwa kilichotendwa. Lakini mke wa mfungwa alikuwa na mume aliye hai ndani ya sare ya waridi, na aibu ya damu aliyoshtakiwa nayo. Wa kumlilia hakuwepo, wala yeye hakuthubutu kuomba.

Wapo pia wale ambao hata kuwataja ni kazi nzito: waliobakwa mwaka ule wakazaa mwaka uliofuata. Mahakama ya Kimataifa iliyoketi Arusha ilitamka katika hukumu ya mshtakiwa Akayesu, tarehe 2 Septemba 1998, kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari. Hukumu ile iliingia katika sheria za dunia. Nyumbani, mwanamke aliyebakwa alibaki na mtoto mwenye uso asiotaka kuukumbuka, na mtoto huyo, kwa kuwa alizaliwa baada ya 1994, hakuhesabiwa miongoni mwa manusura waliolipiwa shule na mfuko wa serikali. Alilelewa na mwanamke ambaye alimpenda na kumwogopa katika siku moja. Nimewajua wanawake wa namna hiyo, na sina zaidi la kuandika juu yao, kwa sababu walichoniambia walikisema ili kikae kwangu.

Kizazi hicho kililipa gharama kubwa, na kilituachia sheria. Kabla ya sheria ya Novemba 1999, binti wa Kinyarwanda hakuwa na fungu katika urithi wa baba yake. Baada yake, mtoto wa kike na wa kiume wakawa sawa mbele ya shamba. Mama alikwenda Kanama na karatasi ya wakili wa msaada, wajomba wakanuna, na hatimaye akapata kipande chake. Ardhi yote ya nchi ilipopimwa na kusajiliwa, kuanzia 2009 hadi 2013, jina lake liliandikwa kwenye hati. Aliikunja, akaitia ndani ya mfuko wa plastiki, na mfuko akauweka ndani ya Biblia. Lakini sheria ile ya 1999 ilimlinda mke wa ndoa iliyoandikishwa tu, na huku kaskazini-magharibi wanaume wengi walikuwa na wake wawili au watatu. Mke wa pili alilima shamba miaka ishirini, na mume alipokufa akajikuta mgeni. Hilo halijaisha mpaka leo.

Sasa nifike kwa binti wa dada yangu.

Mwaka 2020 alikuwa na miaka kumi na tisa. Alikuwa na mchumba ng'ambo, kijana dereva wa pikipiki wa Birere, mtaa wa Goma uliobanana na mpaka kiasi kwamba redio ya huku husikika kule. Machi mwaka huo mpaka ulifungwa kwa sababu ya Korona. Yeye alikuwa huku na mimba, kijana alikuwa kule na simu. Miezi ya kwanza walipigiana kila jioni. Baadaye ikawa Jumapili kwa Jumapili. Baadaye namba ikawa haipatikani. Sote tulisema ni mpaka, subiri mpaka ufunguliwe. Ulipofunguliwa kidogo kidogo, watu wakavuka, habari zikaja pamoja nao: kijana yupo, mzima, amehamia mtaa mwingine, ana mwanamke.

Mtoto alizaliwa wakati utaratibu mpya wa kuandikisha vizazi hospitalini ulikuwa umeanza tu, Agosti ya mwaka uleule. Ni utaratibu mzuri, mtoto hatoki wodini bila kujulikana na serikali yake. Mwandishi alikuwa dada mpole mwenye kompyuta. Alipofika kwenye jina la baba akaacha kuandika. Sheria inamtaka baba asiyefunga ndoa na mama aje mwenyewe kumkiri mtoto. "Yupo?" akauliza. "Yupo," binti akajibu. "Atakuja?" Hakujibu. Yule dada akasogeza mshale kwenye mstari unaofuata. Sauti ya kitufe kile naisikia mpaka leo.

Tukilinganisha na bibi, binti huyu ana mengi. Hakuna kisiwa cha kumtupa. Sheria ya familia ya 2016 ilitamka kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa ana haki sawa na wa ndani ya ndoa, na ikaondoa ile kauli ya sheria ya 1988 kwamba mume ndiye kichwa cha nyumba. Angekuwa chini ya miaka kumi na minane angepelekwa Isange, kituo kilichomo ndani ya hospitali za wilaya, akatibiwa na kusikilizwa mahali pamoja, na mwanamume angekabiliwa na kifungo kisichopungua miaka ishirini. Anaweza kumshtaki baba wa mtoto ili amkiri na kumtunza, na maabara ya Kigali inaweza kuthibitisha damu, kwa gharama ambayo muuza karoti kama yeye haipati kwa urahisi. Bibi angeyasikia haya angeshika mdomo.

Alichopoteza binti huyu ni watu. Kile kipande cha shamba cha binti aliyerudi nyumbani hakipo, si kwa ukatili wa mtu fulani: wilaya yetu ya Rubavu ina watu zaidi ya nusu milioni katika eneo dogo lililobanwa kati ya volkano na ziwa, na kaka zake wenyewe hawana pa kupanda. Kwa hiyo alipanga chumba kimoja Mbugangari. Majirani wa upangaji hubadilika, mmoja anahama kabla hujajua jina la mwanawe. Kizazi cha mama kilikuwa na maelfu ya wanawake walioangukiwa na jambo moja, katika mwaka mmoja, na walipotazamana walijuana. Huyu ana jambo lake, mwenzake chumba cha tatu ana la kwake, kila mmoja anadhani aibu ni yake peke yake, na usiku wanafunga milango.

Nilikwenda naye mpakani asubuhi moja ili nimwone anavyofanya kazi. Lango la Petite Barrière kabla jua halijapanda ni vurugu ya mabeseni, magunia, kuku walioning'inizwa miguu juu na baiskeli za magurudumu matatu za walemavu zilizorundikwa mizigo kuzidi kimo cha mtu. Wengi wa wanaovuka ni wanawake. Wapo waliojaliwa nafasi ya mtoto katika kituo cha malezi kilichojengwa karibu na mpaka. Yeye hakuwa nayo. Alimnyonyesha mtoto akiwa amesimama kwenye foleni, titi moja, kisha la pili, bila kuacha kusogeza beseni la karoti kwa mguu kila foleni ilipojongea. Kisha akamkabidhi kwa bibi mmoja aliyekuwa ameketi kwenye mkeka chini ya ukingo wa paa, mwenye watoto sita wa wenzake tayari, na sarafu kwenye fundo la kitenge. "Usichelewe, mwanangu," bibi akamwambia. "Huyu wako akilia anawaamsha wote."

Kule Birere aliuza haraka, akapunguza bei kuliko alivyotaka. Nilimuuliza kwa nini hangoji wanunuzi wa saa nne. Hakujibu kwa maneno, akavuta kitenge juu zaidi kifuani. Maziwa yalikuwa yamejaa na kuanza kulowesha blauzi. Tulirudi kwa mwendo wa kukimbia, beseni tupu likigonga goti lake. Ni katika njia hiyo tulipita kijiwe cha pikipiki, na nilimwona anageuza uso upande wa pili, akihesabu madirisha ya nyumba, mpaka tukavuka.

Ilinijia pale kwamba Jumuiya ya Uchumi ya Nchi za Maziwa Makuu ilianzishwa hapahapa Gisenyi, tarehe 20 Septemba 1976, ili watu na bidhaa wapite kwa urahisi kati ya Rwanda, Burundi na Zaire. Karoti zinapita, sabuni inapita, mimba inapita. Matunzo ya mtoto hayajapata njia ya kupita. Hukumu ya mahakama ya huku haifiki kwenye kijiwe kile, na vita vikizuka Goma, kama ilivyotokea Januari 2025 makombora yalipoanguka hadi mitaani kwetu na kuua watu, hata karoti zinakwama, na mama wa namna hii ndiye wa kwanza kulala njaa.

Wa kwanza kuona kilichokuwa kimempata binti yule alikuwa mama yangu, ambaye sasa ni mzee wa fimbo. Wakati sisi tunajadili mwanasheria na nauli ya Kigali, yeye alikuwa anamtazama mjukuu wake. Akasema, "Huyu mtoto amefiwa, nanyi mnamhesabia makosa." Akatuma watu. Wanawake wa kikundi chake cha kuweka akiba wakaja Mbugangari, wengine wa makamo yake, mmoja akiwa yuleyule wa unga wa mtama, mume wake alikwishatoka gerezani akafia nyumbani. Walileta unga, sukari, mkaa. Hawakumshauri kitu. Waliketi kitandani na sakafuni, mtoto akapita kutoka paja hadi paja, na binti akaanza kulia kama ambavyo hakuwahi kulia tangu simu iache kupatikana. Hakuna aliyemwambia anyamaze. Walirudi kesho yake, na keshokutwa. Majirani wa upangaji walichungulia kuuliza nani amekufa, na mama akawajibu kwamba hajafa mtu, karibuni mkae. Wawili wakaingia. Mmoja, kama tulivyokuja kugundua baadaye, alikuwa na habari kama hiyohiyo.

Binti wetu hakupata mume wala pesa kwa watu kukaa naye siku zile. Kesi bado haijafunguliwa. Lakini sasa akichelewa ng'ambo kuna mlango wa pili wa kubisha, na mtoto wake anajua majina ya wanawake watano anaowaita bibi. Serikali ya mtaa hutukusanya wazazi katika mikutano ya jioni kuzungumzia mimba za mabinti, na tunaongea vizuri kabisa: tunakemea, tunahesabu, tunaapa kuwalinda walio wadogo. Sijasikia bado mtu akisimama kusema twendeni tukakae na fulani. Nadhani tunaogopa kwamba kumlilia binti aliyeachwa ni kuwafundisha wengine waachwe. Hofu hiyo sina budi kuikataa. Hakuna msichana aliyewahi kutamani ujane kwa sababu aliona matanga ya jirani yalivyojaa watu.

Msomaji, katika mtaa wako yupo. Unamjua, umemwona akipita na beseni na hujamsalimia kwa jina. Beba kilo ya unga, kaa naye jioni moja, muulize mtoto amekula nini, na usimuulize ilikuwaje. Nawe kaka, uwe huku au uwe ng'ambo, kama kuna mtoto ambaye jina lako halimo kwenye cheti chake, ofisi ya sekta inafunguliwa Jumatatu asubuhi, na kumkiri mwanao hakuhitaji wakili wala maabara ukienda mwenyewe. Nenda.